Shajara ya kalamu ya babu: Parker 51, kofia ya dhahabu na mafungu 7

Siku ya 1, Jumamosi usiku

Arobaini ya babu imesomwa Alhamisi, na leo tumekaa barazani kwake Ngamiani kupitia vitu vyake vidogo. Nyumba na shamba la minazi vina wakubwa wa kuvihangaikia. Kilichotukwamisha mpaka adhana ya alasiri ni kisanduku chembamba kilichokutwa chini kabisa ya sanduku lake la nguo, kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani mna kalamu ya wino na penseli, pacha, miili yao rangi ya damu ya mzee. Kalamu ina kofia ya rangi ya dhahabu. Penseli kofia yake ni chuma cheupe. Naliandika hili mapema kwa sababu hakuna aliyelisema. Sote macho yalikuwa kwenye dhahabu.

Babu alikuwa karani wa tiketi, kisha stesheni masta, kwenye njia ya Tanga, tangu enzi za East African Railways and Harbours. Korogwe, Mombo, Same, akarudi tena Korogwe. Kalamu hii tunaikumbuka mfukoni mwa shati lake hata alipokuwa mstaafu anayekwenda sokoni kununua mchicha.

Baba akasema ipimwe bei kama kitu kingine chochote, mirathi haigawiwi kwa kukisia. Warithi ni 5: baba, baba mdogo na shangazi zangu 3. Mwanamume mafungu 2, mwanamke fungu 1, jumla mafungu 7. Kalamu haikatwi vipande 7. Atakayeitaka ataichukua na kuwalipa wenziwe, na ili awalipe lazima ijulikane ni shilingi ngapi.

Kazi nimepewa mimi, sifa yangu ikiwa moja tu: ni fundi simu na nina lenzi. Kabla chai haijamiminwa, binamu yangu alishaingia mtandaoni na kutoka na jibu. Kuna mtu anauza Parker 51 yenye kofia ya dhahabu kwa dola 1,200. "Milioni 3!" akapiga kofi paja lake. Akaongeza kwamba ndiyo kalamu iliyosaini mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Hapo baba mdogo, aliyekuwa anasinzia, akafungua jicho moja.

Naandika shajara hii kujilinda. Kila nitakachogusa nitakitaja, siku ya kugawa asije mtu akasema nimebadilisha kitu.

Siku ya 2, Jumapili

Swali la kwanza si bei, ni kama chenyewe ndicho. Waliosoma shule zetu wanaikumbuka Hero ya Kichina, ile yenye nibu (ncha ya kuandikia) iliyojificha ndani na klipu ya mshale. Hero 616 imeigwa kutoka Parker 51, na ukiiona mfukoni mwa mtu huwezi kuzitofautisha. Nusu ya "Parker za babu" zilizomo kwenye masanduku ya mwambao nina hakika ni Hero, na hakuna ubaya, zinaandika.

Hii si Hero. Chini ya lenzi, pembeni mwa mdomo wa mwili wake, kuna maandishi membamba yaliyochongwa: PARKER "51" na MADE IN ENGLAND. Nilipoifungua katikati (inafunguka kwa kuzungusha, usivute), likatokea bomba la chuma lenye utepe wa kubonyeza, na juu yake maelezo ya kujaza wino. Penseli nayo ni ya Uingereza. Vyote viwili vimechongwa herufi mbili za jina la babu, mwandiko mmoja, bila shaka mkono wa fundi yule yule.

Hapo umri unaanza kujionyesha. Kampuni ya Parker ilianzishwa na George Safford Parker mjini Janesville, jimbo la Wisconsin, mwaka 1888. Jina 51 linatokana na mwaka 1939, kampuni ilipotimiza mwaka wake wa 51, na kalamu yenyewe ikaingia sokoni 1941. Zile za mwanzo zilijazwa kwa pampu ya kusukuma kitakoni. Huu mfumo wa bomba la kubonyeza ulianza 1948, kwa hiyo kalamu ya babu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Na kwa kuwa ni ya Uingereza, imetoka kiwanda cha Newhaven, mji wa pwani ya kusini. Baba anasema mzee aliinunua Nairobi, alipoitwa makao makuu ya reli, kabla baba hajazaliwa. Baba ni wa 1959. Nimeandika: miaka ya 1950, na nimeridhika.

Zile za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1940 zina tarakimu ndogo kwenye mwili inayotaja mwaka, na nukta pembeni zinazotaja robo ya mwaka. Nimeitafuta kwenye hii mpaka jicho limetoa machozi. Haina.

Siku ya 2, usiku

Nyongeza ya uchungu. Binamu alikuwa ameondoka na kofia ya kalamu jana "akaipige picha nzuri". Ameirudisha leo saa 2 usiku inang'aa kama sinia la harusi. Ameisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kwenye ukingo wa mdomo, mahali ambapo vidole vya babu vilikuwa vimekula dhahabu kwa miaka, sasa shaba imechungulia waziwazi, na maandishi ya kofia yamebaki kivuli.

Sikugombana naye, nimeandika tu. Kwa atakayekuwa na kofia kama hii: dhahabu ya namna hii ni ngozi. Ukiisugua unaichuna. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, na hata hicho kipitishe polepole.

Siku ya 4, Jumanne

Nimepita kwa sonara. Sikwenda kuuza, nilitaka kujua dhahabu yenyewe, maana baba mdogo anaamini bei yote iko kwenye kofia. Sonara kaipindua mara mbili, kaigonga kidogo kwenye kioo cha meza, akacheka. "Hii rolgoldi, fundi." Wengi wetu tukisikia rolgoldi tunafikiri bandia ya mtaani inayoacha kijani shingoni. Si hivyo kabisa. Kuna dhahabu halisi iliyovalishwa juu ya shaba kwa joto na mgandamizo, nene kuliko ile ya kuchovya. Kwenye kofia yenyewe kivuli kilichobaki kinasomeka 1/10 12K, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wa bati ni dhahabu ya karati 12. Karati 12 ni nusu ya 24, na 24 ndiyo dhahabu safi. Kwa hiyo moja ya kumi mara nusu, sehemu moja ya ishirini tu ndiyo dhahabu safi.

Mzani ulisoma gramu 8 na kitu, pamoja na vidude vya ndani ambavyo si dhahabu. Hata tungehesabu zote 8, gawa kwa ishirini, ngapi? Haifiki nusu gramu. Na kuitenganisha na shaba ni kazi ya tindikali.

Nibu ndiyo dhahabu hasa, karati 14, lakini ni kijibomba kidogo kilichojificha ndani ya plastiki, unachokiona ni ncha tu. Sonara akaniambia niache kalamu, ataing'oa, atanipa 40,000. Nikafunga kisanduku. Kwake ile ni hesabu halali kabisa, na nadhani kalamu nyingi nzuri za makarani wetu zimeishia kwenye vyungu vya sonara namna hii hii.

Nimeandika: thamani ya dhahabu, elfu 40, sakafu ya bei. Chini ya hapo haishuki.

Siku ya 5, Jumatano

Kuosha. Hapa nusura niharibu kila kitu kwa mazoea. Kwenye simu, uchafu wowote tunaumaliza kwa thina. Nilikuwa nimeshalowesha pamba, mkono uko hewani juu ya penseli, ndipo nikakumbuka kusoma nilikosoma jana usiku: mwili wa 51 ni akriliki, ile iliyoitwa Lucite. Parker walihamia kwenye akriliki kwa sababu wino wao mpya wa kukauka haraka ulikuwa mkali na ungekula plastiki za zamani. Wino haukuiweza akriliki, lakini thina inaiweza. Hata spiriti inaweza kuijaza nyufa kama utando wa buibui. Pamba nimeitupa nje dirishani, na chupa nimeihamishia chumba cha pili, kwa jinsi nisivyojiamini.

Kilichofanya kazi ni maji ya kawaida ya mtungini. Maji ya moto hapana. Nimechovya ncha kwenye glasi, nimebonyeza utepe, nimeachia, nimebonyeza. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya nne povu dogo likapanda juu, na nyuma yake uzi wa wino wa buluu-nyeusi ukajinyonga ndani ya maji kama moshi wa udi. Nilikaa nikiutazama. Huo ni wino alioujaza yeye mwenyewe, sijui mwaka gani, na alipoacha kuona vizuri hakuutoa.

Povu lina maana kwa anayepima bei. Likitoka, mpira wa ndani haujatoboka. Kalamu nyingine za umri huu zina mpira wa kawaida ambao hugeuka kuwa lami au biskuti. Hawa waliweka plastiki laini ya kupenyeza mwanga, na ya babu imebadilika rangi tu kuwa ya chai ya mkandaa. Inabonyea na kurudi. Nimebadilisha maji mara 11, usiku kucha nimeiacha ncha imelowa kwenye glasi, mwili mkavu pembeni.

Siku ya 6, Alhamisi

Maji yametoka meupe. Kwenye duka moja la vifaa vya ofisi kulikuwa na chupa moja ya wino wa Quink, vumbi juu ya kifuniko, kwa bei iliyozidi chakula changu cha mchana. Nimejaza, nimeandika jina la stesheni zote kutoka Tanga mpaka Moshi ninazozikumbuka. Inaandika. Mstari ni wa kati, unateleza, ila ncha imelika upande mmoja: ukiishika wima inakwaruza, ukiilaza kidogo kulia inakubali. Nikailaza kulia. Babu aliandika amelaza mkono hivyo hivyo. Tulikuwa tukimwiga utotoni.

Kwa mnunuzi hiyo ni kasoro. Ncha iliyolika kwa mkono wa mtu mmoja inabidi inyooshwe na fundi wa nibu, na fundi huyo anatoza. Nimeandika.

Penseli imekataa. Ni ya kubonyeza kitako, inatumia risasi ya milimita 0.9, na kipande cha zamani kimeng'ang'ania shingoni. Sitailazimisha.

Siku ya 7, Ijumaa, baada ya swala

Leo ndiyo siku ya mradi.

Nilikuwa napiga picha za kumbukumbu. Ile kofia iliyosuguliwa nikaisoma kwa taa ya pembeni, taa imelala kabisa mezani, halafu nikapaka unga kidogo wa risasi ya penseli juu ya kivuli cha maandishi na kuufuta kwa kidole. Herufi zikashika weusi. PARKER. 1/10 12K. Halafu, baada yake, si England. MADE IN U.S.A.

Mwili wa Uingereza, penseli ya Uingereza, kofia ya Marekani. Nikairudisha penseli karibu yake nikatazama kile tulichokuwa tumekikalia wiki nzima. Penseli ina kofia ya chuma. Seti ikiuzwa pamoja, kofia zinafanana. Kalamu ya babu ilizaliwa na kofia ya chuma kama ya pacha wake, na hii ya dhahabu ni ya kalamu nyingine. Kofia za 51 za mfumo huu zinaingiliana, ya Marekani inakaa kwenye ya Uingereza bila kulalamika, ndiyo maana hatukugundua. Halafu jambo jingine: herufi za jina zimo kwenye miili yote miwili, kwenye kofia hazimo.

Nimempigia shangazi mkubwa. Shikamoo haijaisha akaniuliza, "Milioni 3 zimepatikana, baba?" Nikamwambia bado, nikamuuliza kuhusu kofia. Kimya. Kisha kicheko, kile cha wakubwa wanaokumbushwa kitu walichodhani wamebaki nacho peke yao.

Anasema babu alikuwa na mazoea moja stesheni. Mtu akimwomba kalamu asaini, anampa mwili, kofia anabaki nayo mkononi. Kalamu isiyo na kofia haiondoki, maana mwizi atachafuka mfuko. Siku moja kofia akaitia mfuko wa shati, jioni shati likaenda kwa dobi. Dobi wa Korogwe aliapa kwa watoto wake hakuiona. Kwa wiki kadhaa babu alitembea na kalamu yenye kofia ya bua la mtama, kalichonga mwenyewe na kukafunga uzi. Ofisi nzima ikamcheka. Ofisi ya mizigo kulikuwa na karani Mgoa, mtu wa asili ya Goa, mwenye ndugu baharia, naye karani alikuwa na Parker ya Marekani iliyopasuka mwili. Karani alipokuwa anajiandaa kuhamia Uingereza akaivua kofia ya kalamu yake akampa babu: "Chukua bwana, mimi mwili sina, wewe kichwa huna."

"Mwaka gani, shangazi?"

"Mwaka nilioanza darasa la kwanza."

Shangazi ni wa 1957. Basi 1964, au pembezoni mwake. Nina picha ya babu yenye 1958 nyuma yake, klipu ya mshale inaonekana mfukoni, kofia inang'aa nyeupe. Lakini picha ni nyeusi na nyeupe, na dhahabu nayo inang'aa nyeupe. Siiweki kama ushahidi.

Siku ya 9, Jumapili

Sasa bei. Binamu amenitumia viungo 6 vya kalamu za maelfu ya dola. Nimemjibu kwa swali moja: zimeuzwa, au zinaombewa? Kwenye eBay, soko la mtandaoni, mtu anaweza kuomba dola 1,200 mpaka Kiama na hakuna wa kumzuia. Kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha uzwa. Ukikibonyeza, maelfu yote yanayeyuka.

Nimekusanya mauzo 31 ya Parker 51 za Uingereza za mfumo wa bomba. Nimetoa zilizofanyiwa matengenezo na wauzaji wenye dhamana, maana hizo unanunua na kazi ya fundi. Nimetoa zilizobaki na alama ya chaki na bei mwilini, yaani hazijawahi kutiwa wino. Wakusanyaji huzilipia sana na ya babu imeandika maisha mazima. Nimetoa rangi adimu. Hapo binamu alinipigia kabisa: "Ya kwetu si ile ya plamu?" Rangi ya plamu ilitoka kwa muda mfupi tu mwishoni mwa miaka ya 1940, na kweli inafuatwa. Nimeipeleka ya kwetu juani saa 4 asubuhi, na kwenye taa nyeupe ya kazini. Ni damu ya mzee tu, rangi iliyouzwa kila mahali. Pole.

Zikabaki 11 zinazofanana na ya kwetu, kofia ya chuma, zimetumika. Ya chini pauni 38, ya juu 74, ya katikati 55. Penseli peke yake zilikwenda kati ya 15 na 25. Na kuna soko la kofia tupu, jambo ambalo sikulitegemea: kofia za chuma kama pauni 15 hadi 20, za dhahabu ya kuvalishwa 30 hadi 45, ila zile zisizochunika.

Hapo ndipo hesabu inakuwa ya ajabu. Kwa pesa, njia nzuri kuliko zote ni kuvunja. Uza kofia ya Mgoa, nunua ya chuma ya Uingereza, seti inarudi kuwa seti kama ilivyotoka dukani Nairobi, na mnunuzi hana la kusema. Muuzaji mmoja wa kalamu kuukuu wa Uingereza niliyemtumia picha kaniambia hivyo hivyo, kwa maneno mawili matatu, na akataja pauni 45 kwa vyote kama nilivyo navyo. Nilidhani ananidhulumu. Si dhuluma, naye lazima aisafishe, ainyooshe ncha, aisubirie mteja na ale faida. Bei ya muuzaji kununua ni kama nusu ya bei yake ya kuuza, kama ninavyofanya mimi na simu za mitumba, kwa hiyo nimenyamaza.

Kuhusu kalamu iliyosaini mwisho wa vita, binamu ana nusu ya ukweli. Tarehe 7 Mei 1945, Wajerumani waliposaini kusalimu amri mjini Reims, kalamu zilizotumika zilikuwa Parker 51, alizopewa Eisenhower, jenerali wa Marekani aliyeongoza majeshi ya washirika, na rafiki yake Kenneth Parker wa kampuni hiyo. Lakini 51 ziliuzwa mamilioni. Kusema ya kwetu ina bei kwa sababu hiyo ni sawa na kusema kila basi lina bei ya basi alilopanda rais.

Baba mdogo kaja na lake: eti babu aliitumia kusaini siku treni ya kwanza ilipopita kipande cha Ruvu na Mruazi, mwaka 1963, Tanga ilipounganishwa na Reli ya Kati. Huenda. Kuna karatasi? Hakuna karatasi. Hadithi bila karatasi inakaa kwenye familia, kwenye bei haiingii.

Siku ya 10, Jumatatu

Hesabu ya mwisho niliyoiandika kwenye karatasi ya kusomwa barazani.

Kalamu na kofia yake kama ilivyo: pauni 60, maana kofia ya dhahabu inaongeza na kuchunika kunapunguza. Penseli iliyokwama: 18. Kisanduku, bawaba moja imekatika na bitana imeliwa na mende: 5. Toa 15 kwa herufi zilizochongwa, kwa kuwa mgeni hataki jina la mtu asiyemjua. Pauni 68. Kiwango cha wiki hii ni kama 3,300, inakuja 224,400.

Sikuingiza gharama ya kuituma Ulaya wala makato ya malipo, maana hakuna aliyesema tunauza. Nimeandika bei ya kitu mezani. Angekuwa mtu anataka bima ningemwandikia kubwa zaidi, bei ya kuinunua nyingine kama hii dukani. Angekuwa anataka pesa leo hii Tanga ningemwandikia ndogo, kwani mteja wa leo Tanga ni sonara.

Halafu nimeshusha mpaka 210,000. Sababu si ya kitaalamu. 210,000 ukigawa kwa 7 inatoka 30,000 kamili, hakuna wa kutafuta chenji. Nimeieleza wazi kwenye karatasi ili warithi wakatae wakitaka.

Siku ya 15, Jumamosi

Barazani. Sheikh amekuja, kahawa imepita mara mbili. Nimesoma kila kitu, pamoja na thina na pamba iliyotupwa nje. Niliposoma 210,000 palikuwa na ukimya wa watu waliokwisha itumia milioni 3. Baba mdogo akauliza kama sonara bado ana nia. Binamu akasema tusubiri, vitu hivi hupanda. Vinaweza kupanda, nikamjibu, lakini ncha nayo inazidi kukauka.

Nikaeleza na ile njia ya kuvunja: kofia iuzwe, ya chuma inunuliwe. Kwa pesa ingetuongezea kidogo. Shangazi mkubwa akaweka kikombe chini.

"Hiyo kofia mtaiacha hapo ilipo. Naichukua mimi."

Fungu lake ni 30,000. Analipa 180,000: kaka zake 60,000 kila mmoja, wadogo zake wa kike 30,000 kila mmoja. Wote 4 wamekubali, sheikh ameandika. Katuma 100,000 kwa simu pale pale, iliyobaki mwisho wa mwezi, akipokea kodi ya vyumba.

Akaniomba kipande cha karatasi ajaribu. Akaishika wima, ikakwaruza. Nikamwambia ailaze kulia. Akailaza, akaandika jina lake lote, na la baba yake.

Ikabaki saini ya shahidi kwenye karatasi ya sheikh. Binamu akapapasa mifuko, hana kalamu. Shangazi akampa hiyo hiyo, imejaa wino. Kofia akabaki nayo mkononi.